Mji Uliojengwa Ili Uje Kubomolewa: Jinsi Kambi ya Bwawa Inavyogeuka Makazi

Mwaka 1968 serikali ya New Zealand ilianza kujenga mji katika uwanda mkavu wa Kisiwa cha Kusini, karibu na milima isiyoishiwa theluji. Mji huo uliitwa Twizel. Ulipata barabara, shule, maduka na nyumba za familia, na maelfu ya watu wakahamia humo. Lakini tangu mwanzo ilijulikana kwamba ni mji wa muda. Uliwekwa pale kwa ajili ya wajenzi wa mradi wa umeme wa Waitaki ya Juu, na kazi ikiisha nyumba zingeng'olewa, ardhi irudi kuwa malisho.

Twizel ipo hadi leo. Mwaka 1983, baada ya kudai kwa nguvu mji wao usifutwe, wakazi walikubaliwa. Wakati huo kuna watoto waliokuwa wamezaliwa pale, wakasoma pale, na hawakuwa na kwao kwingine.

Kisa hiki kinafichua jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Tukisikia kwamba mji fulani mdogo wa mashambani ulianza kama kambi ya wajenzi wa bwawa, tunaona ni mfululizo wa kawaida: bwawa likajengwa, watu wakaja, mji ukabaki. Mambo hayaendi hivyo. Bwawa huzaa kambi, na kambi ina kila sababu ya kufa siku mitambo inapowashwa. Ili iwe mji, lazima mambo mazito yabadilike, na yabadilishwe na wenye mamlaka ya kuyabadilisha: ardhi ni ya nani, nyumba ni za nani, bomba likipasuka fundi analipwa na nani, na watu watakula nini zege likishakauka.

Kwa nini kambi inahitajika

Mahali pazuri pa kujenga bwawa kubwa ni korongo jembamba lenye kuta za mwamba mgumu. Korongo la namna hiyo mara nyingi liko mbali na miji, kwa sababu zile zile zinazolifaa bwawa hulifanya lisifae kwa kilimo wala kwa barabara. Tena kazi yenyewe haimkubali mtu wa kuja asubuhi na kuondoka jioni. Mto ukishachepushwa kwenye mahandaki, wajenzi wanakimbizana na mafuriko ya msimu unaofuata. Katika bwawa la Hoover, mpakani mwa majimbo ya Nevada na Arizona nchini Marekani, zege lilianza kumwagwa Juni 1933 na halikukoma, usiku na mchana, hadi Mei 1935. Julai 1934 wafanyakazi walifikia 5,251 kwa wakati mmoja. Watu wengi kiasi hicho, katikati ya jangwa, lazima wajengewe mahali pa kulala.

Sasa tazama idadi hiyo inavyopanda na kushuka. Mwanzoni huja wapimaji na wachimba mahandaki, watu mamia machache. Halafu zinakuja genge za zege, waendesha mitambo, maseremala, mafundi wa vyuma, wapishi, na idadi inaruka hadi maelfu kwa miaka miwili au mitatu. Ukuta ukifikia kimo chake, wengi wanaondoka karibu kwa pamoja. Wanabaki wafunga mitambo ya umeme, kisha nao wanaondoka. Kituo kikubwa cha umeme wa maji, kikishakamilika, huendeshwa na watu wachache sana. Ukuta ule mkubwa unahitaji kuangaliwa na kutunzwa, lakini hauhitaji mji.

Tatizo ni kwamba miundombinu hujengwa kwa kipimo cha kilele. Bomba la maji limepimwa kwa watu elfu tano. Mfumo wa maji taka vivyo hivyo. Shule ina madarasa ya watoto wa elfu tano. Wakibaki watu elfu moja, bomba halipungui unene, pampu haipungui bei, na gharama iliyokuwa ikigawanywa kwa nyumba nyingi sasa inaelemea nyumba chache. Mtu anayeuliza kwa nini kambi nyingi zimebomolewa ilhali nyumba zake zilikuwa bado nzima, jibu la kwanza liko hapo, ardhini, kwenye mabomba.

Ndiyo maana nyumba za kambi hujengwa zikiwa na nia ya kuhama. Mbao, kuta zilizotengenezwa kiwandani, misingi myepesi. Huko New Zealand, kabla ya Twizel kulikuwa na Otematata, iliyojengwa kwa ajili ya bwawa la Benmore miaka ya mwisho ya 1950. Kazi ilipohamia juu ya bonde, sehemu ya nyumba za Otematata zilipakiwa juu ya malori na kupelekwa Twizel. Mtu angeweza kuhama mji na bado akalala ndani ya kuta zile zile. Otematata yenyewe haikufa, ila ilisinyaa kutoka watu maelfu hadi mamia machache.

Kambi mbili, si moja

Karibu kila bwawa kubwa lilizaa kambi mbili. Moja ni ile rasmi, iliyochorwa na wahandisi, yenye mitaa iliyonyooka na taa. Ya pili haikuchorwa na mtu. Ni ya wanaotafuta kazi, wauza vyakula, wauza pombe, wanawake waliowafuata waume zao na kukuta kwamba kambi rasmi ina mabweni ya wanaume peke yake.

Hoover ilianza na ya pili kabla ya ya kwanza. Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, familia zilifika kabla nyumba hazijajengwa, zikapiga mahema na vibanda vya maboksi kando ya mto Colorado. Mahali hapo paliitwa Ragtown, yaani mji wa matambara. Joto la kiangazi hicho liliua watu. Huko Montana, kwenye bwawa la Fort Peck, serikali ilijenga mji wake nadhifu mwaka 1934, na kuuzunguka ukaota mkanda wa vijiji vya mabanda, maarufu zaidi kikiwa Wheeler, ambacho picha zake zilichapishwa katika toleo la kwanza la jarida la Life, Novemba 1936. Leo Wheeler haipo. Fort Peck ipo, ndogo lakini ipo.

Wheeler ndiko kulikokuwa na maisha ya mji: biashara, muziki, ugomvi, mikopo ya kuaminiana, watu waliochagua wenyewe kuwa pale. Fort Peck ilikuwa na mabomba na mwenye ardhi anayejulikana. Wheeler ikafa, Fort Peck ikabaki. Uchangamfu hauokoi makazi. Kinachoyapa makazi nafasi ya kuishi ni karatasi na mabomba, na mtu anayepanga kambi leo anaamua, hata kama mwenyewe hajui, nani atakuwa na haki ya kubaki miaka 30 ijayo.

Ramani ya kambi rasmi nayo hubeba cheo na rangi za watu. Bwawa la Kariba lilijengwa kwenye mto Zambezi kati ya mwaka 1955 na 1959, na wakandarasi wakuu walikuwa Waitalia. Wazungu waliwekwa juu kilimani, Kariba Heights, kwenye hewa ya ubaridi. Vibarua wa Kiafrika waliwekwa chini, Mahombekombe, kwenye joto la bonde. Mji wa Kariba nchini Zimbabwe bado una majina hayo na bado una umbo hilo. Boulder City, mji wa wajenzi wa Hoover, haukuwapangisha watu weusi kabisa, na Norris, mji mwingine wa wajenzi wa bwawa huko Tennessee, ulifanya vivyo hivyo. Kambi inapogeuka mji, hurithi hata ukuta ambao haukuwahi kujengwa kwa matofali.

Mwajiri akiwa mwenye nyumba

Hapa ndipo penye fundo lenyewe.

Katika mji wa kawaida, mambo yamegawanyika. Anayekuajiri si yule anayekupangisha, na anayekupangisha si yule anayesimamia polisi, wala si mwenye duka. Ukigombana na mmoja, wengine bado wapo. Katika kambi ya bwawa, wote hao ni mmoja. Ukifukuzwa kazi, umefukuzwa nyumbani, na mtoto wako amefukuzwa shule.

Boulder City iliendeshwa hivyo. Serikali kuu ya Marekani ilimiliki kila kipande cha ardhi. Msimamizi wake, Sims Ely, hakuchaguliwa na mtu yeyote aliyeishi pale. Aliteuliwa, na alikuwa na uwezo wa kumwondoa mkazi mjini. Kulikuwa na lango lenye walinzi. Pombe na kamari zilipigwa marufuku, ingawa mwaka 1931 jimbo la Nevada lilikuwa limehalalisha kamari. Miaka ya mwanzo mkandarasi alilipa sehemu ya ujira kwa hati za kununulia kwenye duka lake mwenyewe, hadi serikali ilipozikataza.

Nakiri kwamba mpango kama huu una mazuri yake, na waliouishi wengi waliukumbuka kwa mapenzi. Maji yanatoka. Taka zinazolewa. Zahanati iko karibu. Bili ni ndogo au haipo, kwa sababu gharama zote zimefichwa ndani ya bajeti ya mradi. Ndipo penye mtego. Mkazi wa kambi hajui bei halisi ya mji wake, na siku mradi unapofunga hesabu zake, bei hiyo inamwangukia mara moja.

Aidha, hawezi kuinunua nyumba yake hata akiwa na fedha. Kambi nyingi zimejengwa juu ya shamba moja kubwa lenye hati moja. Hakuna viwanja, kuna nyumba namba 214 ndani ya ardhi ya idara. Ili namba 214 iuzwe, ardhi yote ipimwe upya, mipaka iwekwe, barabara zitengwe kuwa za umma, njia za mabomba ziandikwe kwenye ramani, na mara nyingi sheria itungwe, kwa kuwa mali ya serikali haigawanywi kwa makubaliano ya mdomo. Kazi hii haionekani kwenye picha yoyote ya ufunguzi. Hakuna kiongozi anayekata utepe kwa ajili ya ramani ya viwanja. Hata hivyo ndiyo inayoamua.

Angalia miaka iliyopita kati ya bwawa na mji. Hoover ilizinduliwa Septemba 1935. Sheria ya kuikabidhi Boulder City kwa wakazi wake ilipitishwa mwaka 1958, na mji ukaanza kujitawala Januari 1960. Robo karne. Page, huko Arizona, ilianzishwa 1957 kwa ajili ya bwawa la Glen Canyon, kwenye ardhi ambayo Wanavajo, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliitoa wakapewa nyingine Utah. Ikawa mji wenye mamlaka yake mwaka 1975. Ilha Solteira nchini Brazili ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikapata halmashauri yake 1991. Katika miaka hiyo yote ya katikati watu waliishi, walioana, walizika wazazi wao, mahali ambapo kisheria hapakuwa pao.

Boulder City ilipopata uhuru wa kuamua, iliendelea kukataza kamari, na inakataza hadi leo. Pombe ilisubiri hadi 1969. Wengine huona ajabu kwamba watu waliotawaliwa na amri walizichagua amri zile zile walipopewa kura. Mimi sioni ajabu. Tabia ya mji ilikuwa imeshajengeka, na Las Vegas ilikuwa karibu kiasi cha kutosha kuwaonyesha wangekuwa nini kama wangeamua vingine.

Ukiuzwa wote kwa pamoja

Kuna njia ya mkato ya kumaliza tatizo la ardhi: kuuza kambi nzima kwa mnunuzi mmoja. Inavutia serikali kwa sababu inahitaji saini moja tu.

Norris ilipitia njia hiyo. Mji huo ulijengwa kuanzia 1933 na Mamlaka ya Bonde la Tennessee, ukauzwa kwa mnada mwaka 1948 kwa wawekezaji kutoka Philadelphia kwa zaidi ya dola milioni 2. Kwa bahati njema wawekezaji wale waliwauzia wakazi nyumba, na mji ukapata serikali yake mwaka uliofuata. Lakini fikiria usiku wa kuamkia mnada: mji mzima, pamoja na nyumba unamolala, unasubiri kujua ni nani atakayeunyanyulia mkono.

Orania inaonyesha hatari ya njia hiyo kwa uchungu zaidi. Ilijengwa miaka ya 1960 na idara ya maji ya Afrika Kusini kwa ajili ya wajenzi wa mifereji ya umwagiliaji iliyounganishwa na bwawa linaloitwa leo Vanderkloof, katika mradi wa mto Orange. Kazi ilipokwisha, kambi ikaachwa. Desemba 1990 ilinunuliwa na kundi la Makaburu likiongozwa na Carel Boshoff, mkwe wa Hendrik Verwoerd, waliotaka mji wao peke yao wakati ubaguzi wa rangi ukikaribia mwisho nchini humo. Walikuwemo bado watu wakiishi pale, masikini, wengi wao wale ambao sheria za ubaguzi ziliwaita watu wa rangi, yaani wenye asili mchanganyiko. Mwaka 1991 waliondolewa. Hawakuwa na hati. Walikuwa wameishi katika nyumba za idara, na idara ilikuwa imeuza. Hadi sasa ardhi ya Orania iko mikononi mwa kampuni. Mkazi hununua hisa, hapati hati ya kiwanja. Umbo la kambi limedumu kuliko kazi iliyoizaa: anayemiliki ardhi bado ndiye anayeamua nani aishi juu yake.

Wanaishi kwa nini sasa?

Tuseme ardhi imepimwa na nyumba zimeuzwa. Bado kuna swali la riziki, na halmashauri mpya inagundua jambo linaloumiza. Mali kubwa kuliko zote iliyo jirani, lile bwawa la mabilioni, mara nyingi ni ya serikali kuu au shirika la umma, na halitozwi kodi ya majengo kama duka la mtaani linavyotozwa. Umeme unapita juu ya paa kwenda mijini, na mapato yake yanapita nao. Brazili imelishughulikia hili kwa sheria: tangu 1989 vituo vya umeme wa maji hulipa fidia kwa wilaya zilizopoteza ardhi kwa maji au zenye mitambo. Naona ni haki iliyo wazi kabisa, na inasikitisha kwamba si kila nchi imeifuata.

Kwingine mji hutafuta riziki kwa kile bwawa lilichoacha nyuma ya ukuta, yaani ziwa. Kariba ina mfano ambao msomaji wa Kiswahili ataupenda. Ziwa lilipojaa, samaki wa mto hawakuyazoea maji ya kina, na katikati ya ziwa pakabaki patupu. Mwaka 1967 na 1968 waliletwa dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Wakazaana kupita matarajio. Leo hujulikana huko kwa jina la kapenta, huvuliwa usiku kwa taa kama walivyovuliwa walikotoka, na wamelisha familia nyingi za pande zote mbili, Kariba ya Zimbabwe na Siavonga ya Zambia. Wengine walisombwa na mto hadi ziwa la Cahora Bassa, Msumbiji, wakazaliana na huko.

Page ilipata riziki mbili. Ya kwanza watalii wa ziwa Powell. Ya pili mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliojengwa jirani, ulioanza kazi 1974 na kuajiri mamia ya watu, wengi wao Wanavajo. Ulifungwa Novemba 2019. Kwa mara ya pili katika maisha ya mtu mmoja, mji ule mdogo uliona mwajiri mkubwa akifungasha.

Songo, nchini Msumbiji, ni hali ya tatu. Ulijengwa na Wareno kwenye nyanda za juu kwa ajili ya wajenzi wa Cahora Bassa, kati ya 1969 na 1974, wakati wa vita vya ukombozi. Umiliki wa bwawa ulipohamia kwa Wamsumbiji mwaka 2007, taifa lilisherehekea, na lilikuwa na haki ya kusherehekea. Lakini kampuni inayoendesha bwawa, HCB, imebaki kuwa nguzo ya maisha ya mji.

Na Twizel? Watu waliokuwa wakipigania nyumba zao walizipata. Ziwa la Ruataniwha, lililotengenezwa na mradi ule ule, limekuwa mahali pa mashindano ya kupiga makasia, na milima huleta wageni. Nyumba ambazo zamani zilikuwa za vibarua sasa hununuliwa kuwa za mapumziko. Mji uliokuwa hatarini kwa kukosa watu sasa una nyumba zinazokaa gizani sehemu kubwa ya mwaka.

Nimeandika muda wote huu kuhusu watu waliokuja kujenga. Siwezi kuacha bila kuwataja waliokuwepo. Ziwa Kariba liliwaondoa Watonga wapatao 57,000 kutoka mabonde waliyokuwa wakilima kando ya Zambezi, kingo zenye rutuba ambazo mto ulizirutubisha kila mwaka, wakapelekwa kwenye ardhi kame mbali na maji. Walikuwa na makaburi ya wazee wao, mashamba yenye majina, na mipaka ambayo kila mtu aliijua bila mpimaji. Hawakuwa na hati. Wakati mji mpya ukipata taa na maji ya bomba pembeni mwa ukuta, wao walikuwa wakipandishwa malori. Septemba 1958, katika bonde la Gwembe, upande wa Zambia ya leo, watu wa chifu Chipepo walikataa kupanda. Polisi walifyatua risasi, na watu 8 wakafa.